Ukimwita mtoto wa nyumbani, mpe na haki yake



Leo nataka tuzungumze jambo la ndani ya nyumba zetu wenyewe. Ni habari ya yule binti aliyetoka Tanga, Singida, Mombasa au Bujumbura, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu. Wengine humwita khadama, wengine dada, wengine yaya. Mgeni akija na kuuliza, mwenye nyumba hujibu kwa fahari: "Huyu ni kama mtoto wa nyumbani."

Neno hilo nimelisikia nyumba nyingi, na mara nyingi linatoka moyoni. Wapo akina mama ninaowajua ambao hawali mpaka binti yule naye awe amekula, na Idi ikifika wanamshonea nguo ya kitambaa kile kile cha binti zao. Hao Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini nimesomesha miaka zaidi ya thalathini, na mwalimu ana tabia ya kulichungua neno. Hili la "mtoto wa nyumbani" nimelichungua, na nimeona lina sura mbili.

Kwanza tukumbuke kwa nini binti wa Kiswahili anatafutwa sana katika nyumba zetu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 jamaa zetu wengi walitawanyika. Kuanzia 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, familia nyingi ziliingia Oman na Kiswahili chao. Walifundisha, walitibu wagonjwa, walikaa maofisini. Lakini Kiarabu cha wengi wao kilikuwa kinakwama mdomoni, na wenyeji wakawaita Wazinjibari. Wazee wetu wanakumbuka kucheka kule kwenye madirisha ya ofisi mtu akikosea neno. Kwa hiyo tunajua maana ya kuwa mgeni mahali ambapo unaambiwa ni kwenu.

Nyumba zile zimekua. Watoto wamesoma Kiarabu na Kiingereza, wajukuu wanazungumza lugha za kwenye simu zao. Bibi amebaki na Kiswahili chake pale sebuleni, hana wa kusema naye. Anapoletwa binti kutoka Pwani, bibi anafufuka. Anapata mtu wa kumwambia "niletee kawa" na kawa ikaletwa, badala ya kuletewa bakuli. Anapata mtu wa kupika naye mbaazi na mkate wa kumimina kama unavyotakiwa. Na wale wajukuu, Kiswahili kidogo walicho nacho, wengi wamekipata jikoni kwa binti huyo. Hivyo mbali na kufua na kupiga deki, anashika kazi ya ualimu wa lugha na kazi ya kumliwaza mzee. Kazi hizo mbili hazimo katika mkataba wowote niliopata kuusoma.

Sura ya pili ya neno

Sasa tuangalie upande wa pili. Mtoto wa nyumbani haulizi saa ngapi kazi inakwisha. Haombi siku ya mapumziko, kwa sababu nyumbani hakuna mapumziko. Mshahara ukichelewa wiki mbili hanung'uniki, baba hajapata. Mgeni akija saa nne ya usiku anaamka kupika. Mtoto mchanga akilia, analala naye yeye. Yote haya tunayataka kwake kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Lakini mtoto wa nyumbani hasa ana mambo mengine. Ana ufunguo wa mlango. Akichoka anasema "mama mie leo sijisikii" na analala. Akigombana na kaka yake, anasikilizwa. Mwanamke wa miaka ishirini na nane aliyezaliwa humo ndani hafungiwi pasipoti yake kwenye sanduku la chuma. Baba akifa, anarithi. Huyu wetu harithi kitu, na siku mambo yakiharibika tunamkumbusha upesi kwamba yeye ni mfanyakazi tu, na tikiti yake ya kurudi iko mikononi mwetu.

Maana yake ni nini? Panapotakiwa kutoa, yeye ni mtoto wa nyumbani. Panapotakiwa kupokea, yeye ni mtu wa nje. Sisemi kuwa watu wanakusudia. Wengi hawakusudii hata kidogo. Lakini neno zuri likitumika upande mmoja tu, linaficha deni.

Msidhani ni sisi peke yetu. Uingereza, nchi inayopenda kufundisha wengine, sheria yake ya kima cha chini cha mshahara ilikuwa na kifungu cha ajabu. Mfanyakazi anayeishi ndani ya nyumba ya mwajiri, akila nao na kushirikishwa mambo ya nyumbani kama mmoja wa familia, mwajiri hakulazimika kumlipa kile kima cha chini. Yaani ukimfanya kama mtoto wa nyumbani, sheria ilikuruhusu umlipe kidogo. Mwaka 2020 mahakama ya kazi iliona kwamba kifungu hicho kinawaonea wanawake, kwa kuwa wengi wanaofanya kazi hizo ni wao. Kifungu kiliondolewa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024. Imewachukua miaka mingi kukubali kwamba kula meza moja na mtu hakufuti mshahara wake.

Tupige hesabu

Nawaomba mnivumilie nipige hesabu kidogo, ndiyo kazi niliyoizoea. Chukua binti anayelipwa riyali 90 kwa mwezi. Hiyo ni mfano tu, wapo wanaopata zaidi na wapo wanaopata chini ya hapo. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa tano usiku. Hayo ni masaa 18. Toa masaa mawili ya kusali, kula na kuoga, yanabaki 16. Hana siku ya kupumzika, kwa hiyo mara 30, unapata masaa 480 kwa mwezi. Riyali 90 ni baisa 90,000. Gawa kwa 480. Saa moja ya maisha yake ni baisa 187 na nusu, bei ya kikombe kimoja au viwili vya karaki pale barabarani.

Sasa mfanye afanye kazi masaa 10 kwa siku, na apumzike siku moja kila wiki. Ni kama siku 26 kwa mwezi, masaa 260. Mshahara ni ule ule, riyali 90. Saa moja sasa ni baisa 346. Hukuongeza hata baisa moja, lakini thamani ya saa yake imekaribia kuwa mara mbili. Ndiyo maana nasema, anayesema "sina uwezo wa kumwongeza mshahara" ana kitu kingine cha kutoa, nacho ni muda. Ule muda ulikuwa wa binti tangu mwanzo.

Binti mmoja wa kutoka mkoa wa Tanga aliniambia, nilipokwenda kumtazama mgonjwa katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi: "Mwalimu, hapa chakula si shida, na mama hanitukani. Shida yangu sijui siku yangu inakwisha saa ngapi." Hakulalamika kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Nilikaa na maneno yale siku nyingi.

Sheria zinasema nini

Tarehe 16 Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Unataka mambo ambayo mtu akiyasikia anaona ni ya kawaida kabisa. Mfanyakazi aelezwe masharti yake kwa njia anayoifahamu, na bora yawe yameandikwa. Apate angalau masaa 24 mfululizo ya mapumziko kila wiki. Wakati wa mapumziko yake asilazimishwe kubaki ndani ya nyumba. Na pasipoti yake akae nayo mwenyewe.

Nchi zetu za Ghuba nazo zimekuwa zikisogea, kila moja kwa mwendo wake. Oman, sheria ya kazi ya 2003 iliwaweka kando watumishi wa nyumbani, wakatungiwa kanuni zao peke yao mwaka uliofuata. Kuwait ilitoa sheria namba 68 ya mwaka 2015, ikaweka siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya mwaka yenye malipo, na mwisho wa masaa 12 ya kazi kwa siku. Qatar ilifuata kwa sheria namba 15 ya 2017, masaa yasizidi 10, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha riyali 1,000 za Qatar kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wa nyumbani wakiwemo. Falme za Kiarabu zina sheria ya 2022 inayompa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kwa wiki. Kanuni hizi hubadilika, basi kila mmoja atazame za nchi aliyopo.

Lakini sheria huishia mlangoni. Mkaguzi haingii jikoni kwako. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walizungumza na wanawake 50. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti zao, na wapo waliofanya kazi mpaka masaa 21 kwa siku. Ripoti ile ilitukera wengi, tukasema wanatuchafua. Mie naona heri tujiulize: katika nyumba zile, ngapi zilikuwa zinazungumza Kiswahili? Na kama zilikuwepo, binti yule alisikia uchungu mara ngapi zaidi, kuonewa kwa lugha ya mama yake?

Na mwenye nyumba je?

Haki ina pande mbili, na mwenye nyumba naye ana maneno yake. Wakala anachukua mamia ya riyali kabla binti hajakanyaga kiwanja cha ndege. Familia ya mstaafu, au ya mama mwenye mgonjwa kitandani, imejinyima kuzipata. Binti anakaa miezi minne, anaondoka usiku, simu imezimwa. Wengine wameibiwa, wengine wameachiwa mtoto mchanga peke yake ndani. Haya yapo, na hofu ya watu hawa ni ya kweli.

Ila tuangalie deni liko kwa nani. Pesa zile alichukua wakala, binti hakuziona. Mara nyingi yeye pia alidanganywa: kijijini aliambiwa ni nyumba ya watu watatu, amefika amekuta watu kumi na moja na vyumba vya wageni. Kumdai binti masaa yake ya usingizi ili kufidia pesa za wakala ni kumtoza mtu asiyekopa. Dawa ya deni ni kulipa, lakini alipe aliyekopa. Mwenye malalamiko dhidi ya wakala ampeleke anakostahiki, kwa mkataba wake na stakabadhi zake.

Wapo pia wanaosema: "Ukimzoesha atakupanda kichwani. Mpe Ijumaa moja, kesho ataomba mbili. Fadhila ya punda ni mateke." Methali hiyo naijua. Lakini fadhila ni kile unachompa mtu asichokudai. Mshahara wa mwezi si fadhila. Usingizi si fadhila. Pasipoti yenye jina lake na picha yake si fadhila. Mtu akidai chake, hajakupiga teke.

Katika mitihani ya taifa, karatasi huja kwa msahihishaji ikiwa na namba tu, jina halimo. Walioweka utaratibu huo hawakuwa wakiwadharau walimu. Walijua kwamba hata mwalimu mwema, akiona jina la mtoto anayempenda, mkono wake unalegea, na akiona jina la mtukutu unakaza. Katika shule yetu ya sekondari ya misheni walikuwepo watoto wa Kiarabu, wa Kidigo, wa Kichaga na wa kila kabila, Waislamu kwa Wakristo, na namba zile zilituokoa sote. Mtoto alipata alama zake hata kama hakuna aliyempenda. Baada ya hapo, ukitaka kumpenda, mpende, mnunulie na kalamu.

Ndivyo ninavyoiona nyumba. Binti apate stahiki zake hata siku ambayo umemkasirikia. Akipendwa na kushonewa nguo ya Idi, hiyo iwe juu yake. Nyumba ambayo binti anapata haki zake kwa sababu mama anampenda, mama akifariki au akioa mwana wa kiume, mke mpya akiingia, binti anabaki hana kitu cha kushika.

Watoto wetu nao ni wafanyakazi

Jambo moja linanishangaza. Katika jamaa zetu walioko Uingereza, wengi wa vijana wanafanya kazi za kulea wazee. Wanaogesha watu, wanawageuza kitandani, wanawalisha. Ni kazi ile ile. Ukikaa nao kwenye simu watakueleza habari za zamu, za saa za ziada, za karatasi ya mshahara, za likizo ya wiki 5.6 kwa mwaka iliyo katika sheria. Zamu ikirefushwa bila malipo, wanakasirika, na sisi huku tunakasirika pamoja nao. "Wanamtumikisha mwanangu!" Ukimaliza simu, unamwita binti aje aondoe vikombe, na ni saa sita ya usiku.

Yule binti naye ana mama yake, kule Lushoto au Kondoa. Naye ana simu. Naye huuliza, "Mwanangu wanakutendea vipi?"

Tunaloweza kulifanya

Sisi tuna kitu ambacho kafili mwingine hana: tunaelewana naye. Mhindi au Mfilipino akiwa na mwajiri asiyejua lugha yake, mambo mengi hupotea njiani. Sisi hatuna kisingizio hicho. Basi tuanze na haya.

Mkataba mara nyingi umeandikwa kwa Kiarabu au Kiingereza. Kaa naye siku ya kwanza umsomee kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, na umwambie anaweza kuuliza. Mwandikie kwenye karatasi saa ya kuanza, saa ya kupumzika, saa ya kumaliza. Ikiwa kuna mgonjwa wa kuamkiwa usiku, sema, na mpatie mchana wa kulala.

Mshahara ulipwe tarehe moja kila mwezi, mkononi mwake au katika akaunti yake, na wote wawili mtie sahihi. Sote tumefunzwa chuoni tangu udogo kwamba ujira wa mtu haucheleweshwi. Kumwekea "mpaka atakapokwenda kwao" si kumsaidia, isipokuwa mwenyewe ameomba, na iandikwe. Msaidie kutuma kwa M-Pesa, lakini kiasi gani na kwa nani ni siri yake.

Pasipoti akae nayo. Ukihofia itapotea, mnunulie kijisanduku chenye kufuli, ufunguo uwe wake. Simu aachiwe. Siku moja kwa wiki iwe yake, na asiulizwe anaifanyia nini. Akitaka kulala mchana kutwa, alale.

Na awe na mlango wake wa chumba unaofungwa kwa ndani. Hili sitalieleza zaidi. Kila mama mwenye binti amenielewa.

Mwisho, wakae na watoto wetu wamsikie tukimwita kwa heshima. Mtoto anayempigia kelele mtu mzima aliyemfundisha kusema "shikamoo" amejifunza mahali fulani, na mara nyingi amejifunza kwetu.

Mabinti hawa siku moja watarudi makwao. Watakaa kwenye mkeka na jirani zao, na swali la kwanza litakuwa: wale Waarabu wanaosema Kiswahili kama sisi, wakoje? Atakayejibu ni yeye, na hatutakuwepo kumsahihisha. Mwezi unakaribia kwisha. Atakayelipa mshahara wiki hii, kabla hajahesabu noti, na ahesabu kwanza masaa.